Usiitie Ndimu: Mwongozo Kamili wa Kutunza Sarafu za Kale kwa Wakaao Lamu

Ukinikuta barazani pale Mkunguni ukaniuliza kama sarafu ya marehemu babu yako isuguliwe ing'are kabla ya kuuzwa, jibu langu ni fupi: usiisugue. Ukitaka kujua kwa nini, vuta mkeka ukae, maana hapo maneno ni mengi.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Nilikuwa na miaka 14, Bibi akanitolea kashani mwake rupia ya fedha ya mwaka 1888, ile ya kampuni ya Waingereza iliyoshika pwani hii kabla serikali yao haijaja yenyewe. Imeandikwa Mombasa, na ina herufi ndogo H ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Rangi yake ilikuwa kijivu kinachoingia samawati pembeni, kama shingo ya njiwa. Mimi nikaona ni uchafu. Nikachukua ndimu, majivu ya jikoni na kipande cha kumbi la nazi, nikasugua mpaka vidole vikauma. Ikawaka kama kijiko kipya.

Nikakimbia nayo kwa sonara mmoja mzee, Langoni. "Ami, hebu itazame hii." Akaigeuza mara mbili kwenye mwanga wa mlango, akanirudishia. "Mwanangu, umeiosha au umeichuna?"

Sikumwelewa. Nilimwelewa miaka mingi baadaye, mnunuzi mmoja wa Mombasa alipoitia kwenye mizani na kunipa bei ya uzani wa fedha, basi. Kwake ile haikuwa tena sarafu.

Uchafu na utando si kitu kimoja

Hapa ndipo penye shina la mambo yote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Uchafu ni kitu kigeni kilichokaa juu ya sarafu: vumbi, jasho la mikono, masizi ya jiko, mafuta, gundi ya seloteipu. Utando ni sarafu yenyewe iliyogeuka. Fedha ikikutana na salfa iliyomo hewani, tabaka lake la juu kabisa linabadilika polepole: kwanza manjano, kisha kahawia, zambarau, samawati, na mwisho mweusi. Shaba nayo hutoka kwenye wekundu wake wa kiwandani ikawa kahawia. Sasa ukiuondoa utando huo, hukuondoa kitu kilichoongezeka. Umeondoa fedha au shaba iliyokuwa sehemu ya sarafu tangu siku ilipopigwa.

Kuna na jambo la mng'ao. Watu hudhani sarafu mpya inang'aa kwa sababu ni safi. Sivyo. Muhuri wa chuma unapoikandamiza metali kiwandani, metali hutiririka kutoka katikati kwenda ukingoni na kuacha mistari midogo mno, isiyoonekana kwa macho. Mistari hiyo ndiyo inayorusha mwanga. Ishike sarafu ambayo haijatumika chini ya taa moja, uizungushe taratibu: utaona mwanga unatembea juu yake kama mwezi juu ya maji ya mkondo. Ukisugua unaikata ile mistari. Sarafu itang'aa bado, lakini mng'ao wa sufuria: umetulia mahali pamoja, hautembei, na ukitazama kwa lenzi unaona mikwaruzo myembamba kama nywele iliyoelekea upande mkono ulikokuwa ukienda. Hakuna dawa ya kuirudisha ile mistari. Hata sonara bora wa Lamu hawezi.

Ndiyo maana watu wa sarafu duniani kote hukimbia kitu kilichosuguliwa. Kampuni kubwa mbili za Marekani zinazopima hali ya sarafu, PCGS na NGC, hutumia kipimo cha 1 hadi 70. Sarafu iliyosafishwa vibaya hawaipi namba kabisa. Wanaifungia kwenye kasha lake na kuandika kwamba imesafishwa. Andiko hilo hukaa na sarafu kama alama ya moto kwenye paja la ng'ombe.

Hatua ya kwanza: iulize ilikotoka

Kabla ya maji, kabla ya chochote. Sarafu ya kashani kwa Bibi ni jambo moja. Sarafu uliyoiokota ukichimba msingi Pate, au iliyofichuka baada ya mvua pale magofuni Manda, hilo ni jambo lingine, na hapo kusafisha si kazi yako.

Visiwa vyetu vina historia ndefu ya sarafu kuliko wengi wanavyojua. Shanga, upande wa Pate, zimechimbuliwa sarafu ndogo ndogo za fedha za zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, zenye majina ya Kiislamu. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza kuwa Manda imepatikana sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba, ya zama za mfalme Yongle aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424. Mwenzake alikuwa amekwisha kupatikana Mambrui, jirani na Malindi, mwaka 2010. Fikiria kama mtoto fulani angeiokota ile ya Manda akaisugua kwa mchanga wa pwani mpaka maandishi yakafutika. Tungebaki na kipande cha shaba chenye tundu.

Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inamtaka mtu aliyegundua kitu cha kale ardhini akitolee taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, aonyeshe na mahali penyewe alipokipata. Mahali ni muhimu sawa na kitu chenyewe, kwa sababu udongo wa juu na wa chini yake ndio unaosema umri. Kwa hiyo iache na udongo wake, ifunge kwenye karatasi laini, piga picha ya pale ilipokuwa, uende nayo Makumbusho ya Lamu pale ukingoni mwa bahari. Kwa walio Malindi, kuna makumbusho huko pia.

Wavuvi wana kisa chao. Sarafu iliyotoka baharini isikaushwe. Chumvi iliyoingia ndani ya metali ikikauka hujenga fuwele, na fuwele hupasua. Iweke kwenye chombo chenye maji, ikiwezekana maji yale yale ya bahari, uipeleke hivyo hivyo.

Kumbuka na hili: sheria hiyo inahesabu kuwa kitu cha kale kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na kukitoa nje ya Kenya kunahitaji kibali. Rupia ya 1888 imo humo. Mgeni akikuambia ataitia mfukoni tu aende nayo, mwelekeze makumbusho kwanza.

Hatua ya pili: itazame, usiiguse

Shika sarafu ukingoni kwa kidole gumba na cha shahada, kamwe usiushike uso wake. Jasho la mkono lina chumvi na asidi. Alama ya kidole kwenye shaba yaweza kuonekana miaka 20 baadaye. Fanya kazi juu ya taulo iliyokunjwa ili ikikuponyoka isigonge sakafu. Nyumba zetu za sakafu ya chokaa na saruji hazina huruma.

Zima taa ya dari. Tumia taa moja tu, hata tochi ya simu, itoke upande. Mwanga wa upande ndio unaofichua mikwaruzo. Piga picha pande zote mbili na ukingo. Kama una jirani sonara, mwombe mizani yake.

Uzito na alama ndogo ndizo zitakazokuambia umeshika nini. Chukua riale ya Maria Theresa, ambayo bibi zetu walikuwa nayo kwa mafungu. Zote zimeandikwa mwaka 1780, mwaka aliofariki yule malkia wa Austria, lakini zimeendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo hadi karne ya 20: Vienna, Roma, London, Bombay na kwingineko. Ikiwa halali ina gramu 28 na kidogo tu, na fedha yake ni sehemu 833 kwa elfu. Chini ya kifua cha malkia kuna herufi S.F., na ukingoni kuna maandishi ya Kilatini. Anayetaka kujua ya kwake imepigwa kiwanda gani hutazama vitu vidogo sana: lulu za bruchi ya begani, manyoya ya mkia wa tai mwenye vichwa viwili. Wazee wa biashara walizihesabu zile lulu kabla ya kuipokea riale. Na sasa niambie, ukiisugua kwa majivu, kitu gani kitaondoka kwanza? Zile lulu.

Hatua ya tatu: ijue metali

Sarafu ambazo sehemu kubwa ni fedha, kama riale na rupia, huvumilia maji na asetoni (kimiminika cha kuyeyusha mafuta na gundi, nitakieleza mbele) bila shida, ila ni laini na hukwaruzika upesi.

Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima, iliyopigwa kuanzia 1921 hadi 1946, ina robo moja tu ya fedha. Zilizofuata, kuanzia 1948, hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Zile za robo fedha ndizo zinazoteseka zaidi kwa ndimu: asidi hula shaba iliyomo, uso unabaki mweupe wa chokaa, hauna uhai.

Shaba na shaba iliyochanganywa na bati ndizo zinazohitaji woga mkubwa kuliko zote. Humo mna pesa ya Sultani Barghash yenye mizani na mwaka 1299 wa Hijria, pesa za Wajerumani, heller zao zilizotuachia neno hela, na ndururu zilizotobolewa katikati. Shaba ikishavuliwa utando wake inakuwa ya waridi, rangi ya kamba aliyechemshwa. Mtu yeyote mwenye macho huiona kutoka upande wa pili wa duka.

Alumini ina kisa cha peke yake. Mwaka 1907 na 1908 serikali ya kikoloni ilitoa senti na nusu senti za alumini kwa ajili ya Afrika Mashariki na Uganda. Hazikudumu, zikafuatwa na za shaba na nikeli. Ukizipata usizikaribishe na magadi wala majivu. Alumini huliwa na vitu hivyo kama sukari kwenye chai.

Sarafu za Kenya zilizotoka Desemba 2018, zenye twiga, kifaru, simba na ndovu, ni chuma kilichopakwa nikeli. Sumaku inazinasa. Ukikwaruza ile nikeli, hewa yetu ya chumvi itamalizia kazi kwa kutu ya kahawia. Weka zile ambazo hazijatumika tangu sasa, wajukuu watakushukuru.

Dhahabu haina utando wa kuondoa, kwa hiyo haina sababu ya kusuguliwa.

Hatua ya nne: amua kama kuna la kufanya

Mara nyingi hakuna. Nasema kweli: katika sarafu 10 ninazoletewa, labda 2 zinahitaji maji.

Kama rangi ni laini, imeenea, inabadilika taratibu kutoka katikati kwenda ukingoni, huo ni utando. Uache. Kuna wanunuzi wanaolipa zaidi kwa sababu yake, hasa ukiwa na rangi za upinde wa mvua.

Kama kuna matope makavu, masizi, au kitu kinachonata, huo ni uchafu, na maji au asetoni yaweza kusaidia.

Kama kuna kijani kibichi kinachonata kama asali, na sarafu ilikuwa kwenye mfuko laini wa plastiki, basi plastiki ndiyo iliyooza. Mifuko laini ya PVC hutoa kemikali zinazokula metali. Hapo usikawie, asetoni ndiyo dawa.

Na kama kuna madoa ya kijani hafifu, unga mkavu unaodondoka ukiugusa, na ukiupangusa unarudi baada ya wiki chache, huo ni ugonjwa wa shaba. Nauita ugonjwa kwa sababu hauponi wenyewe. Chumvi ya bahari imejificha ndani ya shaba. Ikipata unyevu na hewa hutengeneza asidi, asidi inakula shaba na kutoa chumvi tena, mzunguko hauishi. Lamu, ambako upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka ndani ya zidaka, maradhi haya ni ya kawaida. Itenge sarafu hiyo, itie kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, maana penye unyevu chini ya asilimia 40 ugonjwa hulala. Tiba yenyewe ni ya wataalamu wa makumbusho. Usijaribu kwa kusoma tu.

Hatua ya tano: kuosha kwa maji

Jaribu kwanza na sarafu isiyo na thamani. Shilingi chakavu ya sokoni inatosha.

Maji ya bomba ya mjini na ya visima hayafai. Yetu hutoka visima vya vilima vya mchanga vya Shela, na visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Tafuta maji yaliyokenekwa, yanayouzwa kwa kuongezea kwenye betri za sola na za gari. Soma chupa vizuri, tafadhali: dukani, neno "maji ya betri" hutumika pia kwa asidi ya betri. Hiyo ikiingia kwenye sarafu, au mkononi mwako, hadithi ni nyingine.

Chukua bakuli la kioo au la plastiki ngumu, weka kitambaa chini, mimina maji ya uvuguvugu. Ongeza tone moja la sabuni ya maji ya vyombo isiyo na ndimu. Nimesisitiza isiyo na ndimu kwa sababu sabuni nyingi za madukani zinajivunia ndimu kwenye lebo. Tia sarafu moja tu. Sarafu mbili ndani ya bakuli moja hukwaruzana.

Iache nusu saa. Itikise bakuli polepole, maji yatembee juu yake. Usipitishe kidole, wala pamba, wala mswaki, hata ule laini wa mtoto. Chembe ya mchanga iliyo kwenye uchafu ni ngumu kuliko fedha. Ukiiburura umeandika mstari. Maji yakichafuka, yabadilishe. Matope magumu yaweza kuhitaji siku 2 au 3 za maji yasiyo na sabuni, yakibadilishwa asubuhi na jioni. Subira ndiyo brashi yako.

Kisha suuza kwa maji mapya yaliyokenekwa, mara 2, sabuni isibaki. Laza sarafu juu ya kitambaa cha pamba laini kilichofuliwa mara nyingi. Kanzu kuukuu ya pamba inafaa sana. Funika kwa upande wa pili wa kitambaa, bonyeza, inua. Kubonyeza tu, hapana kufuta. Igeuze, rudia. Iache chumbani saa kadhaa kabla ya kuihifadhi. Usiianike juani juu ya paa pamoja na samaki.

Hatua ya sita: asetoni, kwa mafuta, gundi na plastiki

Asetoni huyeyusha mafuta, gundi na mabaki ya PVC, na haishambulii fedha wala shaba. Haiondoi utando, na hilo ndilo linaloifanya iaminike. Mafundi wa boti za faiba wanaitumia kila siku, kwa hiyo si kitu kigeni hapa. Ila usiombe iliyobaki kwenye kopo la fundi. Nunua chupa iliyofungwa, asetoni tupu. Ya kutolea rangi ya kucha ina manukato na mafuta, itaacha uchafu mpya.

Fanyia nje, barazani au uani, mbali na seredani na sigara. Mvuke wake hushika moto upesi mno. Tumia glasi ya kioo, kwani plastiki nyingi huyeyuka ndani yake na kurudi kwenye sarafu. Tia sarafu, funika kwa kisahani, subiri dakika 10 hadi saa kadhaa kwa kadiri ya uchafu. Ihamishe kwenye glasi ya pili yenye asetoni mpya. Hatua hiyo ya pili wengi huiruka, kisha wanalalamika juu ya ukungu mweupe: ni uchafu uliokuwa umeyeyuka ukaganda tena. Toa sarafu kwa kibano chenye ncha zilizofungwa mpira, iache ikauke yenyewe, itachukua sekunde chache. Usiifute.

Vya jikoni na vya dukani

Ndimu, siki na ukwaju ni asidi. Ukwaju unafaa sana kwa sinia na birika la shaba la Bibi, nami siupingi kwa kazi hiyo. Sinia halina lulu za kuhesabiwa. Soda nyeusi ina asidi ya fosfori. Dawa ya meno, majivu na mchanga ni msasa. Dawa za kung'arisha shaba za makopo ni msasa na kemikali pamoja.

Njia ya karatasi ya alumini, magadi na maji moto inasifiwa kama haina madhara kwa fedha, kwa kuwa hurudisha fedha iliyogeuka ikawa fedha tena. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Fedha inayorudi haikai kama ilivyokuwa. Inabaki uso uliofifia, wenye vitundu, mabaka meupe na meusi. Dawa za kuchovya sarafu zinazouzwa nje zina asidi, zinavua tabaka kila ukichovya. Sarafu iliyochovywa mara 3 inakufa kifo cha polepole.

Mafuta ya nazi? Hili naulizwa sana, kwa sababu tunayapaka kila kitu. Mafuta ya mimea yana asidi ndani yake, na kwenye shaba hugeuka kuwa utelezi wa kijani baada ya muda. Yaache kwa nywele.

Kama ilishasuguliwa

Usijaribu kuipa umri wa bandia. Kuna wanaoifungia na yai lililochemshwa, salfa ya kiini iipake rangi. Mnunuzi mzoefu huijua, na utaonekana mwongo juu ya kuwa mharibifu. Iache ilivyo, iweke pakavu, itaanza kugeuka yenyewe. Ukiiuza, sema mapema kwamba ilisuguliwa.

Riale iliyochomewa kitanzi ikawa kidani, au iliyotobolewa ikashonwa kwenye mkufu, si suala la sarafu tena. Hiyo ni pambo. Ukiivaa harusini, mpelekee sonara aing'arishe kama pete. Ila kama kitanzi ni cha kale, usikubali kikatwe ili "kuirudisha" iwe sarafu. Utapoteza vyote viwili.

Kuhifadhi katika hewa ya chumvi

Kusafisha kunazungumzwa sana, na huku sarafu nyingi zinaharibikia kashani. Kasha la mbao linapendeza, lakini mbao hutoa mvuke wa asidi, na kasha la Lamu mara nyingi limefukizwa udi na ubani miaka nenda rudi. Moshi unaganda juu ya sarafu. Tia sarafu kwenye vifuko vya plastiki ngumu isiyo PVC au kwenye vikadi vyenye kioo cha poliesta, kisha kwenye kopo la bati au la plastiki lenye mfuniko unaokaza, na vifuko vya silika ndani. Vikisharowa, vipashe kwenye oveni ya moto mdogo na uvirudishe. Usizifunge sarafu kwa mpira wa bendi: mpira una salfa na utaacha mstari mweusi. Usizifunge na sufi ya kondoo pia.

Kopo liweke chumba cha ndani, ghorofani, mbali na dirisha la upande wa bahari. Lifungue mara moja kila mwezi, hasa msimu wa kusi, utazame kama kijani kimeanza popote. Dakika 5 zinatosha.

Ile rupia yangu ya 1888 ninayo bado, sikuiuza kwa bei ya mizani. Ina kifuko chake na kadi niliyoandika "ilisuguliwa kwa ndimu na majivu". Ukingoni imeanza kurudi manjano kidogo. Mikwaruzo ya kumbi la nazi ipo pale pale. Washa tochi ya simu kutoka upande wa kushoto, utaiona yote, imeelekea kulia.